Barua kwa Rehema: lile jiwe la madoa

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Sisi wazima, na Bibi naye ametoka kitandani, ameshaanza kugombeza watu, kwa hiyo tushukuru. Tangu arobaini ya mzee hatujaandikiana la maana, ni "mambo" na "poa" tu za kwenye simu. Nisamehe. Leo nimekaa kitako kwa sababu kuna jiwe linaninyima usingizi, na katika watu wangu wote ni wewe tu unayeshinda na mawe.

Jiwe lenyewe liko Mirihi. Subiri, usicheke.

Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliniletea picha yake. Ni lile ambalo roboti Perseverance ya NASA, shirika la anga la Marekani, ililikuta Julai 2024 katika kreta ya Jezero, kwenye bonde ambamo zamani ulipita mto ulioingia ziwani. Wameliita Cheyava Falls. Urefu wake kama mita moja, jekundu, limepitiwa na mishipa myeupe, na katikati ya wekundu kuna madoa madogo ya milimita tu: ndani yamepauka, pembeni yana ukingo mweusi, ngozi ya chui kabisa. Kijana akaniuliza, "Madam, wekundu huu si kutu? Sasa hapo kwenye doa kutu imekwenda wapi?"

Shoga, nilibaki nimesimama na chaki mkononi.

Maana jibu mimi na wewe tumelikanyaga. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kuokota kombe kule Sahare? Juu tope la kijivu, ukichomoa mguu umejaa weusi unaonuka yai viza. Halafu pembeni mwa mizizi ya mikoko, pale hewa inapopenya, tope lina rangi ya kutu. Weusi ule ni chuma kilichoshikana na salfa, na kazi hiyo ni ya bakteria. Kule chini hakuna oksijeni, basi wanapumua kwa salfeti (salfa iliyoshikana na oksijeni) ya maji ya bahari, wengine kwa kutu yenyewe, huku wakila majani yaliyooza.

Sasa kwenye madoa ya lile jiwe roboti imepiga eksirei ikakuta nini? Chuma, fosfeti, salfa. Makala ya Septemba 2025 katika jarida la Nature inasema inaelekea ni vivianaiti, madini ya chuma na fosfeti, na greigaiti, madini ya chuma na salfa, na jiwe lenyewe ni tope la kale lililoganda, lenye kaboni ogania ndani yake. Wataalamu hawakusema wameona uhai, wamesema hii huenda ikawa dalili yake. Hapo ndipo ninapokwama. Salfeti inaweza kugeuka hivyo bila kiumbe chochote, lakini kwa kawaida inataka joto kali, na jiwe lile halionyeshi kwamba liliwahi kupikwa. Nikisoma hivyo moyo unapanda. Kisha naambiwa kwenye ile mishipa myeupe kuna fuwele za olivini, madini yanayozaliwa na ujiuji wa moto wa volkano, labda basi lilipikwa, moyo unashuka tena. Zimefikaje pale?

Na kinachoniuma, kipande kimeshachimbwa, tangu tarehe 21 Julai 2024. Kina unene wa chaki yangu ya darasani, kimefungwa ndani ya mrija, kinaitwa Sapphire Canyon, na kimebaki hukohuko Mirihi. Mpango wa kwenda kuchukua sampuli ulipopigiwa hesabu ulifika hadi dola bilioni 11, wakasema ghali mno. Rehema, wewe unajua bakteria hupendelea atomi nyepesi za salfa na kuziacha nzito. Maabara nzuri ya hapa duniani ingeipima salfa ya mrija ule na tungeanza kuelewa. Jibu limeshawekwa kwenye kifuko, hakuna wa kulibeba! Nimemweleza mume wangu mara tatu, sasa ananikimbia.

Hebu niambie. Huko mgodini umewahi kupasua jiwe jekundu ukakuta madoa yaliyopauka namna hii? Mlisema yametokana na nini? Chuma kinaweza kupoteza wekundu wake kwenye baridi, polepole, kwa miaka mingi mno, bila mdudu yeyote? Yule mzee wenu wa maabara anasemaje? Na mashine yenu ya eksirei, nikikutumia tope la Sahare kwenye chupa, utaniangalilia chuma na salfa nikawaonyeshe wanafunzi? Zuhura kajifungua? Idd unakuja au ndiyo zamu tena?

Kijana anasubiri jibu, nijibu hata kwa mistari miwili. Chupa nitampa Shabani wa basi siku ya Alhamisi. Nitaijaza mpaka mdomoni nisiache hewa, isije ikakufikia imeshageuka kutu.

Nduguyo,
Mwanahawa