Ana A ya Kiswahili na F ya Hesabu. Aombe Nini?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu ya ofisi yetu ya ushauri wa masomo huanza na swali lilelile: "Mwanangu kapata divisheni tuu (ya pili), pointi 18. Anaweza kusoma nini?" Nasi tunauliza: kila somo kapata nini? Hapo wengi hunyamaza. Divisheni ndiyo iliyotangazwa kwa majirani, masomo yenyewe hakuna aliyeyatazama vizuri.

Mzee mmoja alikuja na bintiye na karatasi iliyochapishwa stationery, imekunjwa mara nne. Mstari wa binti ulisomeka hivi:

CIV C, HIST B, GEO C, KISW A, ENGL B, BIO C, CHEM D, PHY F, B/MATH F

NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, inahesabu masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Jumlisha saba za huyu binti utapata 18, na divisheni ya pili inaanzia hapo hapo. F zote mbili zimebaki nje ya hesabu, kwa hiyo ukiishia kwenye divisheni huzioni. Na ile A ya Kiswahili nayo imemezwa humo humo.

Mzee alitaka PCB, yaani tahasusi (mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita) ya Fizikia, Kemia na Bailojia. "Bailojia si ana C?" Ni kweli, lakini kidato cha tano kinataka kredi, yaani C na kuendelea, na Kemia ana D, Fizikia F. Basi akasema apelekwe diploma ya utabibu. Kule kredi si lazima, ila lazima awe amefaulu Kemia, Bailojia na Fizikia, hata kwa D. Kwa hiyo kilichomfungia mlango wa utabibu ni Fizikia. Hesabu, ambayo nyumbani ilikuwa imeshaleta ugomvi wiki nzima, haikuwa kikwazo pale.

"Sawa, HGE basi. Atafanya kazi benki." Hapa tulikaa karibu nusu saa, kwa sababu HGE (History, Geography na Economics) huonekana kama tahasusi ya sanaa kumbe hesabu imo ndani. Kuna Economics yenyewe, halafu kuna BAM, ile hesabu ndogo, ambayo mwanafunzi wa HGE huibeba miaka yote miwili. Na akimaliza, kozi nyingi za biashara na uchumi chuo kikuu zinamtaka asiye na Hesabu kama somo kuu awe na ufaulu wa hesabu ndogo ya kidato cha sita, au walau D ya kidato cha nne. Binti huyu hana hata hiyo D. Kama kweli anataka njia ya biashara, arudie mtihani wa Hesabu kwanza kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hilo linawezekana, na tumeona watoto wakipanda kutoka F hadi C walipobaki na somo moja tu la kuhangaika nalo. Lakini anataka?

Muda wote huo alikuwa hajasema neno. Nikamuuliza shuleni walikuwa wanamtegemea kwa lipi. Akamtazama baba yake kwanza, ndipo akasema: "Mimi ndiye nilikuwa nasoma taarifa ya habari asembo. Na nilikuwa naiandika mwenyewe."

Mzee hakuwa anajua.

HKL kwake ni pointi 5: History B, Kiswahili A, English B. Kwenye Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, alikuwa amejaza PCB kwa kuwa rafiki zake watatu walijaza PCB. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule za kidato cha tano, hufungua dirisha la kubadili tahasusi baada ya matokeo, na ndilo tulilolitumia. (Orodha ya tahasusi iliongezwa mwaka 2024 hadi kufikia 65, ila usivutiwe na upya wa jina. Tazama kwanza inafundishwa shule zipi na inapokelewa na kozi zipi mbele.)

Kule mbele TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inageuza hesabu: kwa kidato cha sita A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kiwango cha chini kwa shahada nyingi ni pointi 4 kutoka masomo mawili yanayotajwa na kozi husika. Angalia hayo maneno ya mwisho. Mwenye pointi 9 za masomo ambayo kozi haiyataji hapiti, na mwenye D mbili za masomo yanayotajwa ana haki ya kuomba. Ndiyo maana kitabu cha mwongozo cha TCU tunakisoma mstari kwa mstari pamoja na mtoto.

Wapo pia wa upande wa pili: Hesabu A, Fizikia B, Kemia C, kisha D tupu. Huyo wazazi humwona wa kawaida kwa sababu ana divisheni ya tatu. PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) anaiweza. Lakini anaweza pia kwenda moja kwa moja diploma ya uhandisi, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, miaka mitatu, na akitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi anaomba shahada. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata wa diploma kwa baadhi ya fani. Kwa kijana anayefungua redio za mtaa mzima, mimi ningempeleka huko.

Kuhusu maombi yenyewe, kosa linalotuletea wateja wengi si la sifa. Mtoto anajaziwa fomu stationery, yule kijana wa kompyuta anaweka barua pepe yake na namba yake ya simu ili kuokoa muda. Mtoto anachaguliwa vyuo viwili, anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe, na namba hiyo inaingia kwenye simu ya mtu aliyeshahamia Kahama. Tumia namba ya mtoto au yako. Nenosiri liandikeni kwenye daftari. Na kama jina la cheti cha kuzaliwa linatofautiana na la cheti cha shule, shughulikieni mapema, kabla ya maombi ya mkopo.

Kikao chetu ni shilingi 30,000, saa moja na nusu. Hatupokei kamisheni ya chuo chochote na hatuahidi nafasi. Njoo na namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa, na matokeo ya kidato cha pili kama yapo, maana huonyesha somo lililoporomoka na lile ambalo halikuwahi kusimama. Na mtoto aje. Mzazi akija peke yake tunampa chai na tarehe nyingine.