Wanangu mnaokesha kwa vidonge, mnaziba mlango msioujua

Wanangu mnaosomea uuguzi, famasia na udaktari,

Juzi saa tisa usiku nimemkuta mwenzenu kwenye korido ya bweni, kakaa chini mgongo ukutani, mikono inatetemeka mpaka kizibo cha chupa ya maji kimemshinda kufungua. Nikamshika kiganja nikahesabu mapigo, 140 kwa dakika, na mtu kakaa tu! Tukamkimbiza hospitali. Kilichoniuma zaidi ni jibu lake nilipomuuliza kameza nini, eti "mwalimu, vinaongeza nguvu ya kichwa", vidonge kapewa na rafiki, na mtihani kesho yake ni famakolojia, yaani elimu ya dawa zinavyofanya kazi mwilini, somo nililofundisha mimi mpaka nikastaafu.

Haviongezi nguvu yoyote, vinachezea noradrenalini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe na kuuamsha mwili. Nayo inatengenezwa na seli zenu wenyewe: tairosini, kipande cha protini ya kwenye chakula, inakuwa dopa, dopa inakuwa dopamini, halafu dopamini inaingia kwenye vifuko vidogo ndani ya seli na humo ndimo inapogeuzwa noradrenalini, vitamini C na madini ya shaba vikisaidia. Hatua ya kwanza ndiyo nyembamba kuliko zote, inayopitisha polepole, na noradrenalini ikijaa inajirudia kuibana, kwa hiyo na nyie mnaokoroga unga wa tairosini kwenye maji mnapoteza hela.

Sasa hapa kwenye kuiondoa noradrenalini ndipo nawaomba mtulie mnisikilize. Noradrenalini ikishatolewa na kupeleka ujumbe haitakiwi kukaa pale nje, seli ileile iliyoitoa inaivuta irudi ndani, nyingi inapakiwa upya kwenye vifuko na inayobaki inavunjwavunjwa na vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini. Zamani watu walidhani vimeng'enya ndio wanaomaliza kazi yote, mpaka mwanasayansi Julius Axelrod akaonyesha kwamba neva zenyewe zinaivuta, akapata Nobel mwaka 1970 pamoja na Ulf von Euler na Bernard Katz. Vidonge vya mwenzenu, methilifenideti, dawa wanayoandikiwa wenye shida ya kutulia na kuzingatia, vinaziba mlango huo wa kurudia. Noradrenalini inabaki nje inagonga vipokezi, sehemu za seli zinazopokea ujumbe, tena na tena, moyo unakimbia, presha inapanda, halafu nyie mnaita akili! Aliyeandikiwa na daktari wake kwa dozi iliyopimwa simsemi, aendelee na dawa yake.

Breki ipo pia, kipokezi cha alfa-2 kwenye seli yenyewe inayotoa, kinaiambia basi inatosha.

Na kuna usingizi. Seli nyingi za noradrenalini ya ubongo ziko kwenye doa dogo la bluu kwenye shina la ubongo, ni makumi ya maelfu tu lakini nyuzi zake zinafika karibu ubongo mzima. Ukiwa macho zinapiga kazi, ukilala zinapunguza, na ukifika usingizi wa ndoto zinanyamaza karibu kabisa. Nyie ndio mnazinyima huo muda.

Siwalaumu peke yenu jamani. Sisi wazazi na walimu ndio tunaomsifia mtoto anayekesha, tunapanga mitihani mitatu ndani ya siku mbili kisha tunajifanya kushangaa wakianguka.

Mwenzenu karudi jana, mapigo 76, kalala mchana kutwa. Mwenye vidonge asivyoandikiwa aniletee chumbani kwangu leo jioni, mlango nitauacha wazi na jina sitauliza.