Winga Mwenye Kipaza Sauti

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi, na wote hapo Tanga nisalimie. Juzi uliponipigia nilikuwa na wateja watatu mbele yangu na wa nne kaingia nyuma ya kaunta anajipimia dera, ndiyo maana nikakukatia simu njiani. Uliuliza jambo moja tu: ile safari ya basi ya Uturuki, ulipe advansi au usilipe? Sasa nimefunga duka, nimekunywa chai, kaa nikueleze.

Istanbul mimi si mgeni wake, hilo unalijua. Miaka yote naenda kuchukua mzigo. Lakini Istanbul yangu ni mtaa wa maduka wa Laleli basi: hoteli, duka la jumla, ofisi ya kago, hoteli. Siku nne nafunga mabegi narudi. Bahari yao nimeiona kwenye dirisha la teksi. Kwa hiyo nilipoletewa karatasi ya siku nane, miji sita, hoteli za nyota nne, chai ya asubuhi na chakula cha usiku ndani, dola 590 bila ndege, nilijiuliza swali la mfanyabiashara: huyu anapata wapi? Dizeli, dereva, hoteli saba, mtembezaji. Nikapiga hesabu kwenye kikokotoo mara mbili, haikukubali. Nikalipa hivyo hivyo. Tamaa, shoga.

Jibu nililipata siku ya tatu, na nikajiona mjinga, maana ni jambo ninaloliona kila siku hapa mtaani kwetu. Mtembezaji wetu alikuwa winga. Winga kabisa, kama hawa wanaokudaka Msimbazi na kukuambia "dada nikupeleke kwenye bei ya jumla," ila huyu ana kipaza sauti, digrii ya historia, na watu 38 waliofungiwa kwenye basi. Wale wa Kariakoo unaweza kuwakimbia.

Duka la kwanza lilikuwa la ngozi. Tukazimiwa taa, muziki ukapigwa, wasichana na wavulana warefu wakapita mbele yetu na makoti, halafu wakaanza kutuvuta kwenye viti tukayajaribu. Mimi na koti la manyoya, wa kukaa Temeke! Saa mbili tulimaliza humo. Kumbuka hizo saa mbili, nitazirudia.

La mazulia ndilo lililonimaliza. Walianza vizuri: mama mmoja kakaa chini anafuma, anafunga vifundo haraka hata vidole huvioni. Pembeni kuna beseni la maji ya moto lenye viganda vyeupe anavyojifungia mdudu wa hariri, fundi anachomoa uzi mwembamba kama wa buibui, anauvuta tu, hauishi. Hapo nilikuwa nimependa kweli. Halafu tukapelekwa ukumbini, chai ya tufaha kwenye vile vigilasi vyao vilivyobana kiunoni, vijana wakaanza kutupa mazulia sakafuni moja juu ya jingine, pu, pu, pu. Ghafla kila mgeni kajikuta ana muuzaji wake.

Wangu akaniuliza natoka wapi. Tanzania. "Hakuna matata!" akajibu. Akanitajia dola 520 kwa kizulia cha kuswalia. Nikacheka. Akashuka 400. Nikasimama. Akamwita bosi wake, bosi akaja, akakuna kichwa, akakitazama kile kizulia kwa huzuni kama anakizika, akasema 260, kwa sababu mimi ni mtu mwema. Mama Salma, ule mkuno wa kichwa ni wangu! Ndivyo ninavyowafanyia watu wa Morogoro na madera, mwaka wa ngapi huu. Kila hatua nilikuwa naijua kabla hajaipiga. Nikakinunua kwa 140.

Siku ya mwisho nikapita Laleli kwa wenyeji wangu, nikamkuta pacha wa kizulia changu ananing'inia mlangoni. Sitakuambia bei.

Usiku wa siku ile ya mazulia nilimfuata mtembezaji nikamwambia, kaka, mimi pia muuza duka, niambie ukweli. Akanuna kidogo, kisha akacheka. Akasema kwa bei tuliyolipa basi lisingefika hata nusu ya njia, maduka ndiyo yanajaza tenki, na yeye mwenyewe bila cha juu hana kodi ya nyumba. Tangu hapo tukaelewana. Kila tukishuka dukani ananikonyeza.

Mengine ni karaha za kawaida. Simu ya chumbani inalia saa kumi na moja alfajiri (saa zao na zetu ni zile zile, kwa hiyo huwezi hata kusingizia uchovu wa ndege). Mzunguko mzima ni kama kilomita 2,000, yaani uende Mbeya urudi, kisha uunganishe Dodoma. Hoteli nzuri, lakini zimejitenga na mji, jioni hutoki. Chakula cha usiku kimelipiwa, maji ya kunywea hayakulipiwa. Ukitaka chumba cha peke yako unaongeza hela, mimi sikutaka, nikapangwa na mama mmoja wa Mombasa, mcheshi, mtu wa watu, anakoroma kama jenereta la Narung'ombe umeme ukikatika.

Dereva wao lakini nilimpenda. Sheria haimruhusu kushika usukani zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika, na kuna kidude kinarekodi, hakihongeki. Basi tunasimama kwenye sheli kubwa zenye vyoo safi na chumba cha kuswalia. Swala haikunipita hata moja.

Sasa nikwambie kilichonifanya nisijute. Pamukkale. Mlima mzima mweupe kama unga wa muhogo ulioanikwa. Ni maji ya moto yanayotoka ardhini na chokaa yake, yakishuka yanaiacha, karne na karne, mpaka imekuwa ngazi na mabeseni. Viatu unavua mlangoni, lazima. Nikavitia kwenye mfuko, nikakanyaga. Kwa macho utadhani ni laini, kumbe kuna vijituta vigumu vinachoma nyayo kama kwetu pwani maji yakipwa. Maji ya uvuguvugu yananipita vidoleni. Nilisimama pale nimeshika gauni kwa mkono mmoja na viatu kwa mwingine, sikumbuki nilikuwa nafikiria nini. Huko juu kuna magofu ya mji wa Hierapolis, wagonjwa wa enzi za Warumi walikuja kutibiwa na maji hayo. Makaburi yake ni zaidi ya elfu, kwa hiyo wako ambao hawakupona.

Efeso nilipita mbio, jua kali na watu wengi mno, ila ule uso wa maktaba yao ya kale utauona kwenye picha zangu. Kapadokia safari ya puto la kupaa angani ilifutwa kwa sababu ya upepo, hela zikarudishwa, mama wa Mombasa akalia machozi kabisa. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kulala.

Konya ndiyo inayoniuma. Ndipo alipozikwa Jalaluddin Rumi, yule shehe wa kisufi na mshairi, wao wanamwita Mevlana, aliyefariki 1273. Serikali yao imepafanya makumbusho tangu 1927, lakini unaingia unakuta filimbi ya mwanzi inalia taratibu, makaburi yamevishwa vilemba vikubwa, na akina mama wamejibanza pembeni wamenyanyua mikono. Nikamkumbuka marehemu baba na dufu lake usiku wa maulidi. Nikaanza kuomba dua. Sijafika hata katikati, kijibendera cha mtembezaji kinapunga mlangoni. Dakika 40, Mama Salma! Ngozi saa mbili, Mevlana dakika 40.

Kwa hiyo lipa. Lakini kabla ya advansi mwambie wakala akuandikie saa zitakazotumika kila mahali, si majina ya miji tu, nawe uzisome kama unavyosoma oda ya mzigo. Kadi ya benki iache kwenye sefu ya hoteli siku za maduka. Kwenye lile Ziwa la Chumvi njia ya Ankara, kijana akikuomba mkono usimpe, atakusugua chumvi na mafuta kabla hujasema hapana, kisha anakufungulia mkebe ununue. Wangu uko bafuni.

Nimekutumia lokum, zile peremende laini za Kituruki, kwa basi la kesho asubuhi, mzigo umeandikwa jina lako na namba ya Salma. Boksi ni tatu. Nilikuahidi nne, najua, usigombane na konda, hana kosa. Hiyo nyingine nimeimaliza nikiandika barua hii.

Shoga yako,
Mama Rehema