Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Mafia: paa likaguliwe kabla ya bati kupigwa

Ndugu Mkurugenzi,

Sisi mafundi seremala na waashi wa hapa kisiwani tunakuomba jambo moja. Kibali cha ujenzi kiwe na sharti kwamba bati lisipigwe kabla mhandisi hajapanda juu na kuona kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zimefungwaje. Bati likishafunika, hakuna anayeweza kukagua tena.

Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 4, 2024 kilikuwa kinaishiwa nguvu. Kimbunga Kenneth hakikuwa kimeishiwa kilipoipiga Cabo Delgado Aprili 2019, ng'ambo tu ya Mtwara. Lindi nayo ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kwa hiyo tusidhani kijacho nacho kitafika kimechoka.

Wengi hudhani upepo huangusha ukuta kwanza. Mara nyingi paa ndilo hutangulia, tena kwa kunyanyuliwa. Upepo unaopita juu ya paa huvuta bati. Mlango au dirisha la upande wa upepo likivunjika, hewa hujaa ndani na kulisukuma kutoka chini. Upepo wa kilomita 120 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 68 kwa kila mita ya mraba, na kwenye pembe na kingo za paa mvuto huzidi hapo. Bati la geji 28 halifiki kilo 5 kwa eneo hilo. Kwa hiyo mawe na viroba vya mchanga juu ya bati ni hatari bure: havilizuii paa, na vikidondoka vinaua.

Chukua nyumba yenye upana wa mita 6, kenchi zimepangwa kila mita 1.2. Hata ukitoa uzito wa paa lenyewe, kila mwisho wa kenchi utavutwa juu kwa zaidi ya kilo 200. Msumari uliopigwa wima kutoka juu hautahimili. Unachomoka kwa njia ileile uliyoingilia. Kinachohimili ni mkanda wa chuma uliopakwa zinki, upana wa milimita 30: upite juu ya kenchi, ushuke pande zote mbili, upigwe misumari ubavuni angalau sita, na ncha zake ziwe zimepindwa mapema chini ya nondo za linta (boriti ya zege juu ya madirisha) kabla zege halijamwagwa. Misumari ya ubavuni ili itoke lazima ikatike au ipasue mbao, na hilo ni gumu zaidi.

Kosa tunaloliona sana ni hili: linta inamwagwa usawa wa madirisha, kisha zinajengwa kozi (safu) tatu au nne za tofali tupu, na kenchi zinafungwa kwenye tofali hizo. Paa likinyanyuka linaondoka na tofali zake. Kozi hizo zikiwepo, mkanda wa chuma uzipite ushuke hadi kwenye linta, au umwagwe mkanda wa pili wa zege juu kabisa, nondo nne za milimita 12, kuzunguka nyumba nzima bila kukatika.

Papi nazo, mbao za mlalo zinazopigiliwa bati, zisiachwe kwa msumari mmoja. Misumari miwili ya inchi 4 ipigwe mshazari, kisha waya wa mabati uzungushwe kwenye kenchi. Papi ziachane sentimita 90, na mita ya mwisho ukingoni sentimita 60. Hapo ukingoni na kwenye kofia (bati la kileleni), msumari wa bati upigwe kila mgongo wa bati. Kwingine mgongo mmoja urukwe. Paa la baraza lijengwe peke yake, lisiendelezwe kutoka paa kubwa, ili likiondoka liende lenyewe.

Wenye nyumba za makuti wasisahauliwe. Nyavu kuukuu za kuvulia zitandazwe juu ya paa lote na kufungwa kwenye nguzo zilizozikwa mita moja ardhini, si kwenye fito za ukuta. Hii ni kazi ya nusu siku pale Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari.

Mhandisi hawezi kufika kila mara visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Huko mtendaji wa kijiji apige picha tatu kwa simu: mikanda ikiwa imepinda chini ya nondo kabla ya zege, kenchi zikiwa zimefungwa, na papi kabla ya bati. Picha zikifika na kukubaliwa, fundi apewe ruhusa ya kuendelea siku hiyohiyo, maana mbao zikikaa juani zinapinda na mwenye nyumba anaingia hasara.

Wako katika kazi,
Mafundi seremala na waashi, Mafia