Rula ya Neema

Moshi, Jumanne usiku

Ndugu yangu Baba Neema,

Habari za huko Sakina, Arusha? Huku kwetu hatujambo, ila baridi imeshuka kutoka mlimani na siku hizi nalala na soksi.

Nakuandikia kwa sababu nimempotosha mwanao. Aliponipigia simu juu ya swali lake la Fizikia nilikuwa nafunga duka, kuna mama ananidai chenji, wewe unajua saa hiyo ilivyo. Neema ananiuliza, nyota ya Sirius iko umbali wa miakanuru 8.6, hiyo ni parseki ngapi? (Vyote viwili ni vipimo vya umbali wa nyota.) Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyemaliza kidato cha sita: zidisha kwa 3.26. Akapata 28. Jibu ni 2.64. Alitakiwa agawanye. Ukimwona kanuna, ndiyo sababu.

Aibu yenyewe ni kwamba mimi nauza mahindi. Gunia la debe sita nalijua tangu utotoni. Mtu akiniletea madebe 12 siwezi kumwandikia magunia 72, nitafunga duka kwa wiki moja! Sasa parseki ndiyo gunia na mwakanuru ndio debe: parseki moja ina miakanuru 3.26. Ukitoka kwenye kipimo kidogo kwenda kikubwa, namba inapungua. Mwambie kabla hajagusa kikokotoo ajiulize kwanza kama jibu linatakiwa kukua au kusinyaa. Na asiseme tena "imechukua miakanuru minane", maana mwakanuru ni umbali, si muda. Ni njia ambayo nuru inaimaliza kwa mwaka mzima, kilomita trilioni 9.46.

Namba hizo zilikuwa hazinikai kichwani, mpaka juzi nikitafuta kalamu nikaikuta rula yake, ile ya sentimita 30 aliyoikwaruza jina kwa bikari, akaisahau hapa Pasaka. Nikailaza mezani. Nikasema ncha hii ni Jua, ncha ile ni Dunia. Hicho ndicho kizio kimoja cha kiastronomia, kilomita milioni 150 kasoro kidogo. Nuru inakivuka kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi. Kwa kipimo hicho Neptuni, iliyo vizio 30 kutoka kwenye Jua, iko mita 9, yaani kwenye banda la kuku la jirani.

Mwakanuru je? Una vizio 63,241. Nikazidisha kwa sentimita 30, ikaja karibu kilomita 19. Umepanda Coaster hapa Moshi na hujafika hata Boma Ng'ombe. Parseki ina vizio 206,265, kama kilomita 62: umeshaipita Usa River, unaitafuta Tengeru. Halafu nikaipima Proxima Kentauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha Jua, miakanuru 4.24. Kilomita 80. Nikarudia hesabu mara tatu, nikamwita mke wangu aje aone. Ni Arusha! Jua liko mezani kwangu, na nyota ya jirani inashukia stendi kwenu. Njia nzima hapo katikati hakuna nyota nyingine.

Akiuliza parseki imetoka wapi, mtoe nje anyooshe kidole gumba mbele ya nguzo ya umeme, afumbe jicho moja, kisha abadilishe. Kidole kitaruka. Wanaastronomia macho yao mawili ni Dunia ya leo na Dunia ya miezi sita ijayo, ikiwa ng'ambo ya pili ya Jua. Nusu ya mruko huo ikiwa sekunde moja ya pembe, nyota iko parseki moja. Sekunde ya pembe ni kama kutazama kitu cha sentimita moja kutoka kilomita mbili. Kwa hiyo moja gawanya kwa pembe, unapata parseki. Nyota ya Alfa Kentauri pembe yake ni sekunde 0.75 hivi, Neema amalizie mwenyewe, ila safari hii kwenda miakanuru anazidisha kweli.

Pembe hiyo ilipimwa na Thomas Henderson kule Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, miaka ya 1830 mwanzoni. Akawa na mashaka na hesabu zake, akazikalia. Mwaka 1838 Mjerumani Bessel akatangaza za nyota nyingine, 61 Cygni, akawa wa kwanza duniani. Henderson alitangaza zake mwaka 1839. Namhurumia. Yeye alihakiki mpaka akapitwa, mimi nilijibu mkono mmoja ukiwa kwenye droo ya chenji.

Jumamosi nashuka Arusha kufuata magunia matupu. Rula nitakuja nayo. Mwambie Mama Neema asipike wali, mimi ndizi zinanitosha.

Wako,
Baba Eliya