Shukrani kwa mtunza nyaraka wa Groningen

Napenda kumshukuru hadharani mzee mmoja, mtunza nyaraka mstaafu wa jimbo la Groningen nchini Uholanzi, ambaye hakutaka malipo wala kutajwa jina. Kuhusu babu wa ukoo wa mume wangu, mkulima aliyehamia Michigan, Marekani, mwaka 1847, tulikuwa na jina tu na simulizi kwamba alikimbia njaa.

Kwanza mzee alitueleza kwa nini tulimkosa katika daftari za wakazi: zilianza kutumika nchi nzima mwaka 1850, babu akiwa ameshaondoka. Kisha akatusomea viambatisho vya cheti chake cha ndoa, ikiwemo hati ya utumishi wa kijeshi iliyotaja hata rangi ya macho yake, na hati ya umaskini iliyomwondolea ada.

Baada ya hapo alifanya kazi ambayo wengi huiruka (nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote), yaani kuyasoma maisha hayo pamoja na mambo ya wakati wake. Ugonjwa wa viazi uliingia kweli mwaka 1845, lakini babu alikuwa pia miongoni mwa waumini waliojitenga na kanisa kuu la Kiprotestanti la nchi katika mfarakano ulioanzia kijiji cha Ulrum, Groningen, mwaka 1834, ambao walitozwa faini kwa kukusanyika zaidi ya watu 20 bila kibali, na baadhi yao wakalazimishwa kuwapa askari malazi majumbani mwao. Ndiyo maana alielekea Michigan, alikokuwa mchungaji Albertus van Raalte, mmoja wa viongozi wa waumini hao waliojitenga.

Pale ambapo hati zilinyamaza, mzee aliandika “huenda”, wala hakuongeza chumvi. Wenye ujuzi kama wake wasisite kuwasaidia wanaouliza. Maelezo yake nimeyaweka kwa Kiswahili, watoto wayasome na bibi yao aliyeko Tanga.