Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mkutano Mkuu, Mwanza

Ndugu wanachama,

Naanza na viti vitupu, kwa sababu ndivyo vilivyojaa. Chama chetu cha kusaidia watu kuacha tumbaku kina wanachama 64. Hapa nahesabu 19, wakiwemo wawili waliokuja kuulizia mikopo, nasi hatukopeshi. Vikao vya kamati viliitishwa sita, akidi ikatimia viwili. Ada ya shilingi 20,000 wamelipa 23. Salio la nyuma 310,000, ada 460,000, michango 1,150,000, matumizi 1,385,000, tumebaki na 535,000.

Shughuli mnazifahamu: ushauri wodini, kliniki ya kifua kikuu na foleni ya wagonjwa wa nje, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, Mei 31, mwalo wa wavuvi wa Kirumba mara mbili. Zilikwenda vizuri.

Sasa bigijii za nikotini, za kumsaidia mvutaji kuacha sigara. Maneno nimeyasikia, mengine yalinifikia bado ya moto: kwamba mwenyekiti kachukua 640,000 za fulana za Mei 31 akawanunulia wavutaji bigijii. Ni kweli. Aprili niliitisha kamati, tukaja watatu, mmoja wetu alifuata mwavuli aliousahau kikao kilichopita. Nikaongea na mhazini, tukakubaliana. Katiba inataka sahihi tatu, najua, niliiandika mimi. Mwenye sahihi ya tatu alikuwa Geita, simu haipatikani.

Mgonjwa akilazwa, siku mbili tatu za mwanzo bila sigara ndizo kali: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, mkono unapapasa mfuko usiokuwepo. Sisi tulikuwa tunamwambia "acha", tunamwachia kipeperushi. Nilivuta miaka 22, na hakuna kipeperushi kilichowahi kunituliza. Bigijii hizi zina nikotini, lakini hazina moshi wala lami. Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Sikuzibuni mimi.

Wanaosema zinaleta kwikwi na kiungulia, tuwaulize walimwelekezaje mgonjwa. Ukiitafuna kama mtoto wa shule, lazima ikurudi. Wodi ya mifupa alikuwepo mzee mvuvi wa dagaa, huwasha sigara ya kwanza kabla hajanawa uso. Mtu wa namna hiyo ndiye wa bigijii yenye nikotini miligramu 4, si 2. Nilikaa naye. Tafuna polepole, mzee wangu, ikianza kuwasha kama pilipili iegeshe shavuni. Ikipoa, tafuna tena. Akaiegesha, akanyamaza kama anayesikiliza injini ya mtumbwi, kisha akauliza kama anaweza kuinywea uji. Nikamwambia aitoe kwanza.

Waliopewa ni 38. Baada ya miezi mitatu tuliowapata kwa simu ni 24, na tisa kati yao walisema hawajavuta tena. Tisa ni wachache, sibishi, na sina namna ya kuwapima pumzi kwa simu. Ila fulana za mwaka jana zilimwachisha nani? Moja nimeiona Igogo, imevaliwa na muuza sigara za rejareja.

Mwakani, Mungu akijalia na wafadhili wakipatikana, tutaangalia uwezekano wa kufika Sengerema na Ukerewe, na kuwafikia akina mama wa ugoro ambao tumewasahau.

Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Mwenye hoja kuhusu bigijii apitie kwake kwanza.

Mwenyekiti